Kaa Ule Hapo Hapo

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijaanza, naomba mtazame huku mezani. Baga hii imetoka kwenye bamba la chuma la kukaangia sasa hivi, na mmeisikia wenyewe ilivyokuwa ikilia. Naizungushia karatasi, naitia kwenye boksi, nafunika. Dada uliyeketi hapo mbele, naomba ututazamie saa. Zikifika dakika 20 uniambie. Baga nyingi siku hizi husafiri muda kama huo kutoka jikoni hadi mlangoni kwa mteja.

Nimesimama nyuma ya bamba la chuma miaka 17. Watu wakishajua kazi yangu huniuliza swali lile lile: baga nzuri inapatikana wapi? Wanategemea niwatajie jina la mahali. Mimi huwajibu kwamba baga nzuri ni ile inayoliwa hatua kumi kutoka ilipopikwa. Wengine hudhani nimewakwepa. Sijawakwepa, na jioni ya leo nataka niwaeleze kwa nini.

Tuanze na nyama yenyewe. Baga ni nyama ya kusaga, mkate na moto. Haina mchuzi wa kuificha wala viungo kumi vya kuitetea. Ndiyo maana mimi nikiingia mgahawa nisioujua, chakula cha kwanza ninachoagiza ni baga: itaniambia mpishi ana mkono gani. Wengi wetu kwenye kazi hii tunataka nyama yenye shahamu kama asilimia 20. Ikipungua sana, baga inakauka kama gome. Chumvi haikandwi ndani ya nyama. Ukiikanda, protini zinalegea, zinanatana, na unachopata ni soseji isiyo na ngozi, inadunda mdomoni. Chumvi inanyunyizwa juu, sekunde chache kabla nyama haijagusa chuma.

Halafu kuna kukandamiza. Donge la nyama baridi linawekwa kwenye bamba lililopata moto kweli kweli, linakandamizwa mara moja tu, kwa nguvu, ndani ya nusu dakika ya mwanzo. Wakati huo shahamu bado imeganda, haikimbii. Ukirudi kukandamiza dakika mbili baadaye, kama wanavyofanya wengi kwa sababu ule mlio unawafurahisha, unakamua utamu wote na kuuacha uungulie kwenye chuma. Mkiwa mmekaa kaunta mkamwona mpishi anakandamiza nyama iliyokwisha kuiva upande mmoja, mwambieni kwa upole.

Ule ukoko wa kahawia chini ya nyama ndio baga. Mwaka 1912 mkemia wa Ufaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza jinsi sukari na asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, zinavyokutana kwenye joto na kuzaa rangi ya kahawia na harufu nyingi mpya. Harufu ya mkate ukiokwa na ya kahawa ikikaangwa zinatoka hapo hapo. Lakini kazi hiyo inashika kasi joto linapofika kama nyuzi 140, na maji yanachemka kwa nyuzi 100. Maana yake ni kwamba maadamu juu ya nyama pana maji, ukoko haupatikani. Kwa hiyo mpishi wa baga anapigana na maji kutwa nzima. Anakausha uso wa nyama. Anachoma upande wa ndani wa skonzi kwenye mafuta kidogo, ili pawe na utando mkavu wa kuzuia mkate usinyonye mchuzi. Chipsi anazikaanga mara mbili, kwanza kwa joto la wastani ziive ndani, kisha kwa joto kali zishike ganda. Yote hayo ni kwa ajili ya kitu kikavu cha kuvunjika jinoni, na kitu hicho kinaishi dakika chache tu.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu suala la kukaa na kula mbele ya mpishi lina historia, na mimi naipenda historia hii.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Wamarekani wengi waliiogopa nyama ya kusaga. Habari za uchafu wa machinjio zilikuwa zimewafikia, na nyama ikishasagwa, nani ajuaye kilichomo? Kule Wichita, Kansas, palikuwa na mpishi anaitwa Walter Anderson, ameanza kuuza baga kwenye kibanda tangu mwaka 1916. Mwaka 1921 aliungana na Billy Ingram, wakafungua White Castle. Walijenga kajengo kadogo, keupe kama jina lake, na bamba wakaliweka mahali ambapo mteja aliyekaa kaunta analiona. Angalia hapo. Hofu ya watu hawakuijibu kwa maneno. Walimpa mtu stuli, wakampikia mbele ya macho yake.

Mwaka 1948, kule San Bernardino, California, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walishika njia nyingine. Biashara yao ilikuwa inakwenda vizuri, lakini waliifunga miezi kama mitatu, wakalipanga jiko upya, hadi kila hatua ikakaa sawa. Walifuta sahani, uma na visu, wakafuta wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakabakiza vitu tisa kwenye menyu. Mteja alifika dirishani, akapokea, akaondoka. Nawaheshimu sana kwa akili ile. Mimi mwenyewe nilivyopanga jiko langu nimewaiga: chumvi mkono wa kulia, skonzi kushoto, hakuna mtu anayevuka njia ya mwenzake. Lakini siku ile chakula kilitengana na kiti, na tangu hapo tumezidi kuvitenganisha.

Hata majina ya mahali pa kula yanatukumbusha kiti hicho. Kwa Kifaransa mgahawa ni restaurant, na neno hilo kwanza lilikuwa jina la supu, supu nzito ya kumrudishia nguvu mtu aliyechoka. Katika miaka ya 1760, Paris, zilianza nyumba za kuuza supu hizo, na jina la Mathurin Roze de Chantoiseau ndilo linalotajwa kwa mwanzo huo, mwaka 1766. Kilichokuwa kigeni ni kwamba mtu alikuja saa aliyotaka, akapewa meza yake, akachagua mwenyewe. Kwenye nyumba za wageni za zamani mlikula meza moja, wakati mmoja, kilichopikwa. Na sisi, kwenye mkahawa au mgahawa, mmesikia kahawa humo ndani? Mahali pameitwa kwa jina la kinywaji ambacho watu hawakinywi wakikimbia. Lugha mbili tofauti, na zote mbili zimekipa jengo jina la kitu cha kumtuliza mtu.

(Sauti kutoka mbele: Dakika kumi.) Asante, dada. Bado.

Nataka niseme jambo la usalama, na hili nalisema kwa uzito. Nyama ya kipande, kama steki, vijidudu vyake viko juu. Moto unavimaliza. Nyama ya kusaga, kilichokuwa juu sasa kiko ndani, kila mahali. Ndiyo sababu mamlaka za afya za Marekani zinataka ndani ya baga pafike nyuzi 71. Mwaka 1993 nchini humo, baga zisizoiva sawasawa zilisababisha mlipuko wa bakteria aina ya E. koli: zaidi ya watu 700 waliugua, watoto wanne wakafa. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku bakteria ile kuwamo kwenye nyama ya kusaga inayouzwa. Kila mpishi wa baga anapaswa kuijua habari hiyo kama dereva anavyojua breki.

Mimi niliijua, na bado nilikosea. Ulikuwa usiku wa watu wengi, oda zimejipanga, nimewasha nusu ya bamba tu kwa sababu upande mmoja ulikuwa na hitilafu. Nikatoa baga. Baada ya dakika moja mzee mmoja akainuka mezani, akaja kaunta na sahani yake. Hakupaza sauti. Alikuwa ameikata baga katikati kwa kisu, akanigeuzia ule mkato nikaona: katikati pamelala utepe mwekundu, mbichi, unang'aa. Akaniambia, "Mwanangu, hii ungempa mtoto?" Basi. Akarudi kukaa, akasubiri nyingine. Nilizima moto, nikatupa kila kilichokuwa kwenye bamba, nikaanza upya na nusu ya watu wakinuna. Kesho yake nilinunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, na hadi leo kiko mfukoni mwa aproni yangu. Hiki hapa.

Mzee yule angekula nyumbani, mimi ningejifunza nini? Angeitupa, au angeila akaumwa. Labda angeniwekea nyota moja kwenye simu, na mimi kesho yake ningeona nyota bila kuona utepe mwekundu. Ilibidi atembee zile hatua kumi na sahani mkononi.

(Sauti kutoka mbele: Ishirini.)

Haya. Tulifungue. Naomba wawili waje hapa wasimame na mimi. Angalieni kifuniko kwa ndani: matone. Ule ni mvuke uliotoka kwenye nyama na skonzi, haukupata pa kwenda, umepoa na kurudi kuwa maji. Mguse juu ya mkate. Umelegea, si ndiyo? Ule upande wa ndani niliouchoma, sasa umelowa kama uliochovywa kwenye chai. Geuza nyama. Ukoko ulikuwa mgumu, sasa unapinda. Na jibini, tazama, limekuwa kama mpira. Haya, ng'ata kidogo, dada, utuambie. (Dada: Kuna kitu kinanata juu ya kinywa.) Ndiyo hasa nilichotaka ukisikie. Shahamu ya ng'ombe inayeyuka kuanzia nyuzi 40 hivi kwenda juu. Kinywa chako kina 37. Baga ikiwa ya moto, shahamu ni mchuzi. Ikipoa, inagandia juu ya kinywa kama mshumaa. Nyama ni ile ile na mkono ni ule ule, nyote mlikuwepo.

Sasa fedha, na hapa sitakaa sana. Mitandao ya kupeleka chakula inamkata mwenye mgahawa, na katika miji mingi ya Marekani makato yamefika hadi asilimia 30 ya oda. San Francisco mwaka 2020 iliweka ukomo wa asilimia 15, ikaona bila hivyo migahawa midogo itakufa. Mgahawa mdogo hauna faida nene ya kumega namna hiyo. Mtu aliyekaa anaagiza pia kinywaji, anaongeza chipsi, anamwona jirani yake anakula kitu akakitaka. Ukienda mwenyewe kuchukua, tayari umemsaidia mwenye mgahawa. Ukikaa, umemsaidia mara mbili.

Najua wako wasioweza kukaa. Mama aliyejifungua juzi. Mlinzi wa zamu ya usiku. Mgonjwa. Kwao chakula kinapaswa kusafiri, na sisi wapishi tuna wajibu wa kukifunga kwa akili: boksi lenye matundu, jibini mbali na mkate, chipsi kwenye karatasi iliyo wazi juu. Sikuja hapa kumlaumu mtu anayesema "nifungie". Nawasema sisi wengine, tunaopita mbele ya mlango ulio wazi, meza tatu tupu, tukaenda kukaa nyumbani kumsubiri kijana wa pikipiki.

Baba yangu alipofariki, kwa wiki kadhaa sikuweza kula nyumbani. Nilikuwa nakwenda kwenye kahoteli kadogo kalichokuwa njiani, meza ya pembeni, karibu na dirisha. Siku ya tatu au ya nne mhudumu aliacha kuniuliza nitakula nini. Alileta, akaweka, akavuta kiti cha pili pembeni ili nisikitazame kikiwa kitupu. Hatukuwahi kuzungumzia kwa nini. Alikuwa amenitazama tu siku tatu, akaelewa.

Basi, nimesema vya kutosha na bamba nimeliona linaanza kutoa moshi mwembamba, ndiyo dalili ninayoingojea. Nina madonge 40 kwenye barafu hapa chini. Njooni wanne wanne, kaunta inawatosha wanne. Yule mzee wa nyuma mwenye fimbo aanze, na tafadhali mtu amvutie stuli. Hakuna boksi hapa, msitafute. Mzee wangu, karibu, kitunguu tuweke?