Wati 5 na spika ya inchi 15

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena katika kipindi chetu kutoka hapa Tabora. Wapo wapigaji gitaa wa Kanyenye na Ng'ambo wanaotuuliza jambo lilelile: mtu ana amplifaya ndogo ya wati 5, kisha anapata spika kuukuu ya inchi 15 iliyoandikwa wati 100, na wenzake wanamwambia kwamba amplifaya hiyo haina nguvu ya kuisukuma. Fundi Ramadhani, hilo lina ukweli wowote?

RAMADHANI: Halina, dada Zuhura, na limewanyima watu wengi sauti nzuri. Wati zinazoandikwa mgongoni mwa spika ni kiwango inachoweza kuhimili kabla koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani yake, haijaungua, wala si kiasi inachodai ndipo ilie. Cha kutazama ni unyeti wake, yaani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazopimwa mita 1 mbele ya spika inapopewa wati 1.

ZUHURA: Naomba utupe hesabu yake.

RAMADHANI: Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara 2, unapata desibeli 3 tu za ziada, na ukiiongeza mara 10 unapata desibeli 10. Kwa hiyo spika ya desibeli 100 inayopewa wati 5 inatoa sauti sawa na spika ya desibeli 90 inayopewa wati 50. Anayehangaika kutafuta amplifaya kubwa zaidi angeweza kubadilisha spika tu, akabaki na amplifaya yake.

ZUHURA: Kwa nini basi spika za zamani ndizo zinazosifiwa?

RAMADHANI: Kwa sababu zilitengenezwa wakati ambapo wati zilikuwa ghali. Amplifaya za vali, yaani mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista, za miaka ya 1930 na 1940 zilitoa nguvu kidogo, kwa hiyo watengenezaji waliweka karatasi nyepesi (ile koni inayotetemeka kutoa sauti), ukingo wa karatasi hiyohiyo iliyokunjwa, na sumaku yenye nguvu. JBL D130 ya Marekani, ya inchi 15, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1940, ina koili ya alumini yenye upana wa inchi 4, na hadi leo ni kali mno hata kwa wati chache. Lakini ukubwa peke yake usikudanganye: spika ya inchi 15 ya redio ya nyumbani, yenye ukingo wa mpira na karatasi nzito, imebuniwa kwa ajili ya besi ndani ya boksi dogo, na kwa wati 5 itakuwa imezubaa.

ZUHURA: Na hapa mjini kila muuzaji anaapa kwamba spika yake ilitoka kwa bendi ya zamani ya Tabora Jazz.

RAMADHANI: Hadithi hiyo usiilipie hata shilingi. Weka vidole vya mikono yote miwili pande mbili za karatasi, isukume ndani taratibu na usikilize. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeingiwa na vumbi la chuma. Kisha ipime kwa mita ya umeme: spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa kawaida husoma kati ya 6 na 7, na mita isiposoma chochote, mahali fulani waya umekatika. Ufa mdogo wa karatasi hauna neno, kwani unazibwa kwa karatasi laini na gundi ya maji, mradi usiijaze gundi hadi karatasi ikawa nzito.

ZUHURA: Omu nazo zinawatatiza wengi.

RAMADHANI: Hapo ndipo vifaa huungulia. Amplifaya ya transista haidhuriki na omu nyingi kuliko zilizoandikwa, itapungukiwa nguvu tu, ila omu pungufu zinaweza kuiunguza. Amplifaya ya vali ina transfoma ya kutolea sauti, kwa hiyo omu zilingane na zilizoandikwa kwenye tundu, na isiwashwe kamwe bila spika. Fender Champ, kwa mfano, ni ya takriban wati 5, ilitoka kiwandani na spika ya inchi 8, na inataka omu 4. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinafika hapo barabara. Watu wanaoisikia kwa mara ya kwanza kupitia spika kubwa huwa hawaamini kuwa ni amplifaya ileile.

ZUHURA: Na boksi lake liweje?

RAMADHANI: Kwa gitaa mimi huliacha wazi nyuma, kwa sababu waya mnene wa gitaa hulia kwenye hezi 82 hivi, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, kwa hiyo hatutafuti besi ya disko. Ubao wa mbele uwe mnyoofu, na skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana pande, maana ukimaliza upande mmoja kwanza, fremu itapinda na ule mkwaruzo utaanza kwenye spika uliyoinunua ikiwa nzima.