Mshahara Usiolala Ndani: Mhadhara Uliotolewa Moshi

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu na majirani mliofika jioni hii, nashukuru kwa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie jinsi familia inavyojijenga upya baada ya kuihama nchi iliyoharibikiwa kiuchumi, nami nimechagua Zimbabwe, kwa kuwa hapa Moshi tunaishi na kufundisha pamoja na watu waliotoka huko.

Chanzo cha yaliyowakuta kinafahamika. Uzalishaji wa mashambani uliporomoka baada ya utwaaji wa mashamba makubwa ulioanza mwaka 2000, fedha za kigeni zikaadimika, na Benki Kuu ikawa inachapisha noti ili kuziba pengo la matumizi ya Serikali. Kufikia Julai 2008 mfumuko rasmi wa bei ulikuwa asilimia milioni 231 kwa mwaka, na Januari 2009 ikatolewa noti ya dola trilioni 100. Kati ya 2006 na 2009 sarafu ile ilifutwa sufuri 25 kwa awamu tatu. Mwaka 2015, mwenye akaunti iliyokuwa na salio la hadi dola za Zimbabwe 175 ikifuatwa na sufuri 15 alilipwa dola 5 za Marekani. Mfikirieni mwalimu aliyekuwa akijiwekea akiba ya uzeeni.

Wengi walivuka Mto Limpopo pale Beitbridge kuingia Afrika Kusini, wengine wakaenda Botswana na Uingereza. Waliofika kwetu ni wachache. Mara nyingi hutangulia mzazi mwenye taaluma, watoto wakabaki kwa bibi yao hadi mambo yatengemae. Anayetangulia huku hukutana na makaratasi: kibali cha kazi, kibali cha ukaazi daraja B, shahada ya kupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, vyeti vya sekondari vya kulinganishwa na Baraza la Mitihani. Hayo yana taratibu zake, na mwenye subira huyamaliza.

Lisilo na fomu ni fedha yenyewe, yaani kuiamini. Kwa jirani yangu mmoja kutoka Zimbabwe, mama wa watoto watatu, mshahara wa mumewe haulali ndani. Siku hiyo hiyo huenda soko la Mbuyuni na kurudi na viroba vya sembe, madumu ya mafuta, sukari na miche ya sabuni, hata uvungu wa kitanda cha watoto umejaa. Wapo waliosema ana duka la siri. Akina mama wa mtaa walipomwalika kwenye mchezo wao wa shilingi elfu ishirini kwa wiki, ambapo wote huchanga na mmoja hupokea kwa zamu, alikataa kwa adabu. Kwao mchezo huitwa mukando, naye aliujua vizuri; lakini bei ya mkate ilipokuwa inabadilika kati ya asubuhi na jioni, mwenye zamu ya mwisho alikuwa anapokea karatasi tupu. Kwa hesabu ya huko, alikuwa sahihi kabisa.

Wazee wataelewa upesi kuliko vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Uganda vimekwisha na hazina imekauka, mpaka wetu na Kenya uliofungwa 1977 bado haujafunguliwa, tulipanga foleni kwenye duka la kaya, lililogawa bidhaa adimu kwa kipimo, na sabuni ya Taveta, upande wa Kenya, ilipita kwa njia za panya. Ni bibi wangapi hapa Kilimanjaro ambao hadi leo hawakubali sukari iishe kabatini? Shilingi yetu haikufika walikofika wenzetu, ila kuhodhi tunakujua.

Akina mama wale walifanya jambo ambalo mimi, pamoja na vitabu vyangu, nisingelibuni: walimpa zamu ya kwanza. Anayepokea kwanza hana cha kupoteza bei ikipanda, na wajibu unaombakia ni kuchangia tu. Wiki zilivyokwenda akaona kwamba elfu ishirini anayoitoa bado inanunua karibu kile kile ilichonunua mwanzoni. Mzunguko wa pili alikubali zamu ya katikati. Ya mwisho bado anaikataa, na mweka hazina ameacha kumuuliza.