Kushona Upya Viti vya Volkswagen Beetle Nyumbani

Karibuni, watazamaji. Gari mnaloliona nyuma yangu, katika ua wa nyumba yetu hapa Mbeya, ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1971 niliyoachiwa na marehemu baba. Injini yake bado inawaka vizuri, lakini leza ya viti imepasuka kwenye mishono, na ukikaa unazisikia springi. Nitawaonyesha namna ya kuvitengeneza upya kwa cherehani ya miguu, na tangu mwanzo naomba mshike jambo moja: kava la zamani, hata liwe limeraruka kiasi gani, msilitupe wala msilikate ovyo, kwa sababu ndilo kipimo cha kazi nzima.

Tunaanza na kiti cha nyuma. Inua sehemu ya kukalia na utaikuta betri ya gari chini yake. Fungua kwanza waya wa upande hasi, kisha wa upande chanya, ndipo utoe kiti. Kwa viti vya mbele, vuta mkono wa kusogezea, sukuma kiti kwenye reli zake hadi kigote, halafu bonyeza kizuizi kwa bisibisi huku ukiendelea kukivuta mbele mpaka kitoke.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kila upande. Pindua kiti, na utaona pembeni mwa fremu meno madogo ya chuma yaliyoishika leza. Yainue moja baada ya jingine kwa bisibisi bapa, taratibu, kwa kuwa yana kutu na jino likivunjika hutapata pa kushikiza kava jipya. Vaa barakoa: ndani mna vumbi la miaka mingi, na kwa mvua za nyanda zetu hizi, zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, mara nyingi mna ukungu pia.

Sasa lichukue kava, uliandike kabla ya kulifumua. Kwa kalamu ya wino mzito, kipe kila kipande namba, chora mshale unaoelekea mbele ya kiti, kisha piga vistari vifupi vinavyovuka mshono, kila baada ya sentimita 5 hivi, vikigusa vipande vyote viwili. Vistari hivyo ndivyo vitakavyokuambia mahali pa kukutanisha vipande kwenye kona, ambako upande mmoja huwa mrefu kuliko mwingine na fundi wa kwanza aliukunja kidogo kidogo ili kiti kipate umbo. Mimi niliharakisha hatua hii kwenye kiti cha kwanza, na kava likakaa likiwa limejipinda kama shati lililofungwa vifungo vibaya. Ilinibidi nifumue na kununua leza nyingine. Ukishamaliza kuandika, kata nyuzi kwa wembe, vinyooshe vipande, na uvichore juu ya karatasi ngumu.

Fremu isugue kwa brashi ya waya, ipake rangi ya kuzuia kutu, na uiache ikauke kabisa. Springi iliyokatika ifunge kwa waya mgumu au ipeleke kwa mchomeleaji.

Ndani ya viti hivi kiwandani waliweka usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na manyoya ya wanyama yaliyoshikanishwa kwa mpira. Kama usumba wako bado unarudi unapoubonyeza, utunze, kwa kuwa unapitisha hewa kuliko sponji na hauchoki upesi. Ukiwa unapukutika, weka sponji ngumu, si ile laini ya magodoro ya bei ndogo. Vyovyote utakavyochagua, tandika kwanza gunia la katani juu ya springi na ulishone kwenye waya zake, maana bila gunia springi huikata sponji kila unapokaa. Sponji ikate izidi kipimo kwa sentimita 1 kila upande ili ijaze kava.

Hapa nina onyo kwa wenzangu wa baridi. Gundi ya sponji hutoa mvuke unaoshika moto kwa urahisi. Usiitumie ndani ya chumba chenye jiko la mkaa, hata kama ni Julai na vidole vimekufa ganzi. Fanyia kazi hiyo nje, mchana.

Leza nayo inaogopa baridi. Ianike juani nusu saa kabla ya kuikata na kabla ya kuivalisha, kwa sababu ikiwa ngumu haikubali kona. Tumia sindano namba 16 au 18 na uzi wa nailoni, na urefushe mshono ufike milimita 4. Mishono ikibanana, matundu yanakuwa kama ya stempu na leza itachanika hapo hapo. Usitumie pini, kwa kuwa tundu kwenye leza halizibiki. Bana vipande kwa vibanio vya nguo. Mguu wa cherehani ukinatia, weka karatasi nyembamba juu ya leza na uichane baada ya kushona. Mahali penye paipini, ule ukanda mwembamba wa mviringo unaoshonwa kwenye ukingo wa kava, ambapo tabaka hufika manne, zungusha gurudumu kwa mkono.

Kuvalisha kunahitaji watu wawili. Mmoja akandamize kiti kwa goti, mwingine avute kava, akianzia katikati ya mbele, kisha katikati ya nyuma, na kona ziwe za mwisho. Angalia paipini: ikiwa imenyooka sambamba na ukingo wa fremu, laza meno yote kwa nyundo ndogo.

Kiti cha nyuma kina sharti lake. Springi zake zikigusa vichwa vya betri, mtu mzito akikaa, cheche huruka na gunia kavu likawaka. Rudisha waya chanya, kisha hasi, funika betri kwa kifuniko chake au kipande kinene cha mpira kilichofungwa kisiteleze, halafu ndipo ukirudishe kiti mahali pake.