Fildi ya Chai na Kopi

HAMISI: Haya, karibuni tena. Wanafunzi wa chuo wanaosoma siasa na haki jinai wameanza kuzunguka mjini na barua zao za utambulisho, wanatafuta fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Dada Mwanaidi, ukisikia fildi unakumbuka nini?

MWANAIDI: Chai! (anacheka) Wiki nane, kaka. Jina la ofisi silitaji. Asubuhi nachemsha chai, mchana natoa kopi, jioni najaza logibuku, daftari la kazi za kila siku: "Leo nimejifunza mambo mengi."

HAMISI: Na msimamizi anasaini.

MWANAIDI: Bila kusoma hata mstari! Ila wiki ya tano wakanipa kazi ya kupanga mafaili. Kila nikifungua, kesi imeahirishwa, "upelelezi haujakamilika." Imeahirishwa tena, sababu ileile. Na mshtakiwa mwenyewe yuko mahabusu muda wote huo. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo la haki jinai, lakini siku ile ndiyo niliyoelewa.

HAMISI: Sasa tatizo, wote wanakimbilia palepale. Wa siasa anataka Bunge, na Bunge liko Dodoma. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, litalipa chumba, nauli na kula? Wa jinai naye ni mahakama ya Kisutu au Polisi, basi.

MWANAIDI: Wakati ofisi ya kata iko mtaani kwake! Mimi ningesoma siasa leo, ningeanzia pale. Wamachinga wanahamishwa, jirani kasogeza ukuta, mtendaji anavutana na diwani. Halafu lile baraza la kata: tangu sheria ibadilishwe 2021, kwenye ardhi haliamui tena, linasuluhisha tu. Kaa pale uone mzee anavyokasirika akiambiwa hatapewa hukumu.

HAMISI: Kwa wa jinai, mimi naitaja Huduma za Uangalizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

MWANAIDI: Wengi hawaijui hata jina.

HAMISI: Ndiyo maana naitaja. Kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. Kosa likiwa kifungo chake hakizidi miaka 3, mahakama inaweza kumwacha mtu afanye kazi za jamii bila malipo, asiende gereza la Segerea wala Keko. Lakini hakimu atajuaje kwamba huyu hatatoroka? Afisa uangalizi anamfuata hadi kwao, anaongea na familia, na mjumbe, na aliyetendewa kosa, kisha anaandika ripoti.

MWANAIDI: Kumbe fildi iko hapo! Unafuatana naye mpaka uchochoroni Tandale, unakaribishwa mkekani, mama mtu analia. Utaandika nini?

HAMISI: Na ulichosikia hukipeleki kwenye status ya WhatsApp.

MWANAIDI: Wala usipige picha faili, hata kwa utani. Utaharibu kesi ya mtu.

HAMISI: Na barua je?

MWANAIDI: Peleka mapema, miezi kadhaa kabla. Nenda na nakala mbili, moja waigongee muhuri wa masijala uondoke nayo. Ukirudi ukaambiwa "hatujaiona," unaitoa. Mimi sikuwa na nakala, ndiyo nikaishia kule kwenye chai.

HAMISI: Kwa hiyo wakimwambia achemshe chai, agome?

MWANAIDI: Achemshe! Ila na yeye abebe kikombe chake akae nao. Saa nne hiyo ndiyo wanayosimuliana kesi.