Imani ya Mtoto na Saa za Kawaida za Nyumbani

Wazazi wenzangu, walezi, na ninyi walimu wa watoto,

Wamo humu ndani waliokwisha kunisikia nikilizungumza jambo hili, nami nitalizungumza tena, kwa sababu bado ninakutana na wazazi wanaoamini kwamba imani ya mtoto ni kazi ya kanisa, na kwamba wao wamekwisha kutimiza wajibu wao pale wanapomvalisha vizuri siku ya Jumapili na kumkabidhi kwa mwalimu. Sikubaliani nao, na sioni mahali ambapo Maandiko yanakubaliana nao.

Sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati mnaijua, kwa hiyo sitaisoma yote. Ninawaomba mtazame jambo moja tu: ni saa gani Musa anazowatajia wazazi. Anasema maneno ya Bwana yanenwe mbele ya watoto “uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo.” Hapo hakutaja siku ya ibada wala mahali patakatifu, bali alizitaja saa ambazo kila nyumba inazo tayari, yenye nafasi na isiyo na nafasi.

Najua jibu ninalopewa hapa: hatuna muda. Sibishi kwamba siku ya mzazi imejaa. Lakini mtoto mdogo ni lazima aogeshwe, alishwe, asindikizwe aendako, atulizwe anapoogopa giza, aamuliwe anapogombana na nduguye, na alazwe usiku. Hayo yote unayafanya hata sasa, na unayafanya ukiwa naye. Kinachotakiwa ni kwamba, unapomlaza, sentensi mbili za sala zisemwe kwa sauti akiwa anasikia; na kwamba mnapopita mahali penye mtu anayeteseka, umwambie mtoto kwa nini umesimama kumsaidia. Muda wa kufanya hivyo haupimwi kwa saa.

Katika jambo hili ninampenda sana Yohane Krisostomo, aliyekuwa mhubiri huko Antiokia na baadaye askofu mkuu wa Konstantinopoli, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Aliwaandikia wazazi ushauri ambao ninatamani kila nyumba ya Kikristo ingeujua. Chukua, anasema, habari ya Kaini na Habili, umsimulie mtoto jioni wakati wa chakula, kwa maneno mepesi ya kumpendeza: walikuwako ndugu wawili, mmoja mkulima na mwingine mchungaji wa kondoo, nao wote wawili wakamtolea Mungu sadaka. Usiharakishe. Mwache asikie wivu unavyoingia moyoni mwa Kaini, na asikie kwamba Mungu aliona hata pale ambapo hakuna mtu mwingine aliyeona. Kisha mama naye amsimulie habari ile ile. Akiisha kuisikia mara nyingi, mgeukie umwambie: sasa nisimulie wewe. Ataanza kuisimulia kwa fahari, na hapo ndipo utakapojua ni nini kilichoshika na ni nini kilichopotea. Na akiisha kusimulia, zungumza naye juu ya mafunzo yaliyomo.

Krisostomo haishii hapo. Mshike mtoto mkono, anasema, umpeleke kanisani, hasa siku ambayo habari ile itasomwa, nawe utamwona akirukaruka kwa furaha kwa sababu anajua jambo ambalo watoto wengine hawalijui. Tazameni mpangilio huo, wapendwa. Habari imetoka mezani kwenda kanisani. Mtoto amefika kwenye ibada akiwa mwenyeji, kwa kuwa nyumba yake ilimtangulia kumfundisha. Sisi tumeugeuza mpangilio huo: tunasubiri mtoto arudi kutoka kanisani, tunamuuliza leo mmefundishwa nini, anajibu kwamba amesahau, kisha tunamlaumu mwalimu aliyekaa naye kwa muda mfupi sana katika juma zima.

Kuna wasiwasi mwingine ambao mzee huyo aliuona mapema. Wazazi wengi humtisha mtoto mdogo kwa moto wa milele kila anapomwaga maji au kukataa kulala. Krisostomo, ambaye hakuna awezaye kumwita mhubiri mlegevu, alishauri kwamba habari za jehanamu zisubiri mpaka mtoto awe na umri wa miaka 15 au zaidi. Mtoto wa miaka minne anayemjua Mungu kama fimbo ya mama yake atatumia miaka mingi kulisahau fundisho hilo, na huenda asilisahau kabisa.

Wapo wanaosema: mimi si mchungaji, sikusoma mambo hayo. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, alipoyatembelea makanisa ya Saxony huko Ujerumani na kusikitishwa na jinsi watu walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi, alitoa katekisimu ndogo, yaani kitabu kifupi cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, mwaka 1529, na juu ya sehemu zake kuu akaandika kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Aliwalenga watu wa kawaida kabisa. Mtoto akikuuliza swali lililokuzidi, mwambie kwamba hulijui jibu lake, kisha mkalitafute pamoja katika Biblia. Hatapoteza imani kwa kujua kwamba baba yake naye bado anajifunza. Lililo baya ni kumnyamazisha. Katika habari ya Pasaka, Kutoka sura ya 12, na tena katika habari ya mawe kumi na mawili ya Yordani, Yoshua sura ya 4, Mungu anatazamia kabisa kwamba watoto watauliza maana yake ni nini, na anataka wazazi wawe tayari kuwajibu.

Wengine husema kwamba mtoto aachwe achague mwenyewe akiwa mtu mzima. Ninaheshimu uhuru wa mtoto, na hakuna mzazi awezaye kuamini kwa niaba yake. Lakini mzazi hamwachii mtoto achague akiwa mtu mzima kama atasema kweli au uongo, kama atashukuru au hatashukuru. Anamlea katika kile anachoamini ni chema, na mtoto akikua atakipima. Nyumba isiyomtaja Mungu kamwe nayo inafundisha, maana mtoto anajifunza kwamba Mungu si wa kutajwa.

Muda umenitupa mkono, na nilitaka kusema mengi juu ya adabu. Itoshe kuwakumbusha Waefeso 6:4: “Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana.” Kuna siku utamfokea mtoto pasipo haki. Siku hiyo mwendee, umwite kwa jina lake, umwombe msamaha waziwazi. Mtoto aliyeombwa msamaha na mzazi wake hatahitaji maelezo marefu atakapofundishwa kutubu. Na kumbukeni kwamba Musa alitaka maneno yale yakae kwanza moyoni mwa mzazi; mtoto anatambua haraka sana sala ya kujionyesha.

Neno la mwisho ni kwa wale ambao katika nyumba zao wanalea peke yao katika imani, kwa sababu mwenzi hayupo au haamini; mara nyingi ninyi ndio mnaokuja kwangu baada ya mhadhara mkiwa mmekata tamaa. Kitabu cha Matendo, sura ya 16, kinatuambia kwamba mama yake Timotheo alikuwa Myahudi aliyeamini, ila baba yake alikuwa Myunani, wala hatuambiwi kwamba baba huyo aliamini. Paulo, akimwandikia Timotheo, anaitaja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na katika mama yake Eunike, na anasema kwamba tangu utoto ameyajua Maandiko matakatifu. Paulo alipofika Listra katika safari inayosimuliwa kwenye sura hiyo ya Matendo na kumchukua awe mwenzake wa kazi, kijana huyo alikuwa mwanafunzi tayari, naye alishuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio.