Uamsho Ulianzia Mezani

Mhadhara kwa wanandoa na viongozi wa vijana

Bwana Yesu asifiwe. Asifiwe tena.

Nimeombwa niseme juu ya familia, utamaduni na siasa. Ningeweza kuanzia Bungeni, lakini nitaanzia jikoni kwa nyanya yangu, Murang'a, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza kwamba mambo haya matatu ni jambo moja.

Nyanya alitusimulia mara nyingi. Jioni moja, miaka michache kabla ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni wakati wa Mau Mau, babu alirudi kutoka mkutano wa Uamsho, ule mwamko wa Kikristo wa Afrika Mashariki, akaketi, akaweka mezani pesa za mbuzi wawili aliowauza kwa siri. Akamtaja na mwanamke aliyekuwa akizitumia naye. Kisha akamwomba mkewe msamaha, watoto wakisikia. Nyanya hakulala usiku ule. Uchungu ulikuwepo, lakini zaidi ya uchungu, hakuwahi kumsikia mwanamume akimwomba mke wake msamaha, na hakujua hata hujibiwaje. Asubuhi babu akajitwika jembe aliloiba kwa mzungu aliyewahi kumwajiri, akaenda kulirudisha.

Sisi ni wajukuu wa watu hawa kiroho, hata kama makanisa yetu yana majina mapya. Mwaka 1929, kilimani Namirembe, Kampala, Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akitumika Gahini nchini Rwanda, walikaa na Biblia wakaomba pamoja. Baadaye moto ukatoka Gahini, ukaenea Kigezi, Buganda na Burundi, ukaingia Kenya, ukafika Bukoba na Dodoma. Waganda waliwaita balokole, Wakikuyu wakawaita ahonoki: waliookoka. Walisisitiza kutembea nuruni, kama ilivyo katika 1 Yohana 1:7. Kwao, nuru hiyo ilimulika kwanza kitanda, sanduku la pesa na sufuria.

Ndiyo, hata sufuria. Buganda ya zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Alimfuga kuku, akampika, akampakulia mume, yeye asimwonje. Wanawake waliookoka wakaanza kula. Waliokuwa karibu nao walishtuka kuliko walivyoshtushwa na mahubiri yoyote, kwa sababu hapo kila mtu aliona kwa macho yake kwamba mwanamke huyu ni mrithi wa neema pamoja na mumewe.

Kwa hiyo mtu akisimama leo kutetea familia ya Kiafrika, mimi humuuliza: ipi? Ile ambayo mama hupika asile? Naamini ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, naihubiri, wala siombi radhi kwa hilo. Lakini tumeitetea ndoa kwa mabango barabarani, na wiki hiyo hiyo tumemrudisha kwa mumewe mama aliyevimba uso, tukamwambia aombe zaidi. Wachungaji, hilo tumelifanya. Naliona kuwa dhambi, na nalitaja hivyo.

Sasa tuje kwa siasa. Wakati wa Mau Mau, vita vya kupigania ardhi na uhuru dhidi ya mkoloni, ahonoki wengi walikataa kula kiapo cha wapiganaji. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Mwana-Kondoo, hawawezi kunywa nyingine. Baadhi yao waliuawa. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nawatukana waliopigania ardhi. Ardhi ilikuwa imeibwa kweli, na wamisionari wengi waliunyamazia mno wizi huo. Lakini sikilizeni sehemu ya pili, ambayo huwa tunairuka. Serikali ya mkoloni ilipowapa bunduki, wengi wa hao hao walizikataa pia. Wakabaki katikati, huku wakishukiwa na pande zote mbili.

Huko Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1948, mwalimu kijana aitwaye Janani Luwum aliokoka kupitia watu wa Uamsho. Februari 1977 alikuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana nchini Uganda. Wanajeshi walikuwa wamepekua nyumba yake usiku, na maaskofu wakamwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji na dhuluma nchini. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa, pamoja na mawaziri Oryema na Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Siamini Luwum aliupata ujasiri ule siku ile ya barua. Aliyezoea kuusema ukweli juu yake mwenyewe mbele ya ndugu zake kwa karibu miaka thelathini, rais atamfumbaje mdomo?

Ningependa kuishia hapo, lakini Gahini iko Rwanda.

Nchi iliyouwasha moto huu ndiyo iliyochinjana mwaka 1994, hata ndani ya makanisa. Hakukosekana mashahidi waaminifu: miaka thelathini kabla ya hapo, mchungaji Yona Kanamuzeyi aliwahifadhi waliokuwa wakiwindwa huko Nyamata, akauawa mwaka 1964. Lakini kwa wengi wetu nuru iliingia chumbani ikaishia mlangoni. Tulitubu uzinzi, tukatubu pombe, tukatubu jembe la mzungu. Kabila hatukulitubu. Hatukuliona hata kuwa dhambi. Tuliliona kuwa sisi wenyewe.

Na Kenya tusiwanyoshee Wanyarwanda kidole. Januari 1, 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo, wakiwemo akina mama na watoto. Februari, NCCK, baraza la kitaifa la makanisa ya Kenya, ilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wamegawanyika kwa makabila na kuchukua upande. Wengine wetu tulikuwa tumeomba na kufunga ili mtu wetu ashinde. Septemba 2021, huko Butere, siku Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu, Askofu Mkuu wa Kianglikana, Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu. Nilishangilia. Lakini kipaza sauti cha kanisani ni rahisi kukizima. Nyumbani hakuna cha kuzima. Ni maneno yetu tu, na watoto wanaosikia.

Januari ile ile ya 2008, tukila chakula cha jioni, nilisema neno juu ya kabila la jirani yetu. Sitalirudia hapa. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Kesho yake alilitamka mbele ya mtoto wa jirani huyo, na mtoto akaja kwetu analia kuniuliza kama ni kweli.

Nilikwenda Murang'a. Nyanya alikuwa na miaka themanini na sita, macho yamefifia. Nikamweleza kila kitu, nikamwambia nimekwisha kutubu mbele za Mungu. Akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Na watoto umewaambia?"

Nikasema bado.

"Basi rudi leo," akasema. "Usilale hapa."