Hilo neno "tu": Nina Simone na albamu yake ya kwanza

Nisogezeeni hiyo maiki kidogo. Haya. Wale mlionisikia mwaka jana mnajua naelekea wapi, mtanivumilia, maana kila nikiingia hoteli yenye bendi lazima nimsikie mtu pembeni anasema kwa mdomo wa dharau, "ah, hawa wanapiga kopi tu", yaani nyimbo zilizotungwa na watu wengine. Tu! Hilo "tu" ndo limenileta hapa na nitalipigia kelele mpaka sauti inikauke.

Leo nimekuja na santuri hii. Imetoka Marekani mwaka 1959, kampuni ya Bethlehem, inaitwa Little Girl Blue, mwimbaji Nina Simone, na ndo albamu yake ya kwanza kabisa. Ina nyimbo 11. Alizotunga mwenyewe ngapi? Moja. Na hiyo moja haina hata maneno, ni piano na besi na dramu basi. Zile 10 zote za watu, kuna ya Duke Ellington, kuna ya George Gershwin, kuna mbili za Richard Rodgers, na mojawapo ni ule wimbo wanaoimba mashabiki wa Liverpool uwanjani, naona wengine mnacheka, ndio huohuo. Ulitoka kwenye mchezo wa jukwaani Marekani mwaka 1945, Nina akaupiga kwa piano bila kuimba neno, na ule uliofika Liverpool 1963 nao ulikuwa kopi ya vijana wa palepale mjini. Uwanja mzima unalia machozi kwa ajili ya kopi na hakuna anayesema "tu".

Sasa niwape habari yenyewe. Huyu dada jina lake la nyumbani ni Eunice Waymon, kazaliwa 1933 mji mdogo wa Tryon, North Carolina, mama yake mhubiri wa Methodisti, na tangu mdogo hata shule hajaanza anapiga piano kanisani. Akapata mwalimu mama mmoja mzungu, akamfundisha Bach, yule mtunzi wa klasiki wa Ujerumani, Bach, Bach, mji ukachanga hela ya kumsomesha. Lengo lilikuwa moja tu, awe mpiga piano wa kwanza mweusi wa Marekani kwenye kumbi kubwa za muziki wa klasiki. Na msidhani alikuwa mtoto wa kuonewa kirahisi. Siku ya onyesho lake, bado binti mdogo, wazazi wake wakaondolewa viti vya mbele wakae wazungu, akagoma! Akasema sipigi mpaka wazazi wangu warudi walipokuwa. Wakarudishwa. Mwaka 1951 akaomba nafasi chuo cha muziki cha Curtis pale Philadelphia, akakataliwa, na mpaka anakufa aliamini sababu ilikuwa rangi yake.

Basi ndoto imezimika na kodi ya nyumba inadai. Akawa anawapigia piano wanafunzi wa kuimba, mchana kutwa anasikia nyimbo za watu zinaimbwa vibaya na vizuri. Mmoja wa wanafunzi akawa amepata kazi Atlantic City, mji wa pwani wa starehe, analipwa vizuri kuliko mwalimu wake. Nina akasema hebu na mimi niende. Hiyo ni 1954, baa inaitwa Midtown, dola 90 kwa wiki. Akaingia na gauni la heshima kama anaenda ukumbi mkubwa, akaagiza maziwa, jamani, maziwa, katikati ya walevi, akakaa akapiga piano usiku mzima bila kuimba hata neno. Bosi akamuuliza, mbona huimbi? Akajibu mimi ni mpiga piano. Bosi akamwambia kesho usiku ama unaimba ama huna kazi.

Nataka mkae hapo kidogo, msikimbie. Mtu hajawahi kujihesabu mwimbaji. Hana wimbo wake hata mmoja. Kesho usiku lazima aimbe masaa na masaa mbele ya watu walioshika glasi. Ataimba nini? Ataimba za watu! Zile alizozisikia kwa wanafunzi, za kwenye redio, za kanisani. Na kwa sababu usiku ni mrefu na nyimbo ni chache ikabidi azinyooshe, wimbo wa dakika tatu aufanye wa nusu saa, achomeke Bach katikati, arudi kwenye maneno, aache kimya, aanze tena. Walevi wakanyamaza. Aliyeongea wakati anapiga, Nina anasimamisha piano mpaka anyamaze. Ile sauti tunayoijua leo ilizaliwa pale baa, ndani ya nyimbo za watu. Hata jina alilipata pale, maana mama yake akijua binti yake anaimba baa ingekuwa msiba, muziki wa shetani huo, kwa hiyo akajiita Nina, jina la utani alilopewa na mchumba, na Simone akachukua kwa mwigizaji wa Ufaransa Simone Signoret.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, "lakini mwalimu, huyo alishakuwa fundi, alisoma Bach". Sawa kabisa, nashukuru umeuliza. Bach ni wa nani? Bach ni wa kwake? Mtu akipiga Bach miaka 15 tunamwita msomi, akipiga wimbo wa Marijani Rajab hotelini tunamwita mpiga kopi. Nielezeni tofauti. Mimi naitafuta tangu nikiwa kijana sijaiona. Na sisi watu wa pwani ndo wa mwisho kusema hivyo, maana taarab yetu hii imekula kwa Wamisri ikala kwa Wahindi, Mombasa Juma Bhalo alichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi akatia mashairi ya Kiswahili na watu wakazimia kwa raha, nani alimwambia "tu"?

Santuri yenyewe waliirekodi New York, siku moja, kikao kimoja, yeye na Jimmy Bond kwenye besi na Albert Heath kwenye dramu. Siku moja! Waliwezaje? Waliweza kwa sababu nyimbo zile alishazipiga baa usiku baada ya usiku, zilishaiva. Nyinyi mnaingia studio na wimbo mlioutunga jana asubuhi halafu mnashangaa mbona hauna roho. Sikilizeni ule Love Me or Leave Me, wimbo wa miaka ya 20, wimbo mwepesi wa kuchezea miguu. Pale katikati anaacha kuimba, mkono wa kulia unaanza sauti, wa kushoto unaijibu, zinafukuzana kama watoto wanaocheza kombolela, ni Bach mtupu, halafu anarudi kwenye wimbo kama hakuna kilichotokea. Na ule uliobeba jina la albamu, chini yake kapiga wimbo wa Krismasi wa Waingereza, juu yake anaimba huzuni ya binti anayehesabu vidole vyake. Nyimbo mbili za watu wawili wasiojuana, yeye ndo kazikutanisha. Mkisikiliza vizuri hapo mtaelewa kwa nini nakasirika.

Na ule wa Gershwin, I Loves You, Porgy, aliupata kwa Billie Holiday. Kwa hiyo kopi ya kopi. Ukaingia 20 bora Marekani mwaka 1959 na ndo uliomtoa kwenye baa.

Nilitaka niongee habari ya vibali na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, muda hautoshi, kwa kifupi lipeni watunzi, mtunzi naye ana watoto. Na habari ya jinsi ya kuchagua ufunguo wa sauti yako badala ya kuiga ufunguo wa aliyerekodi, hiyo tutaifanya kwa vitendo siku nyingine. Hili la mwisho lakini siliruki.

Kwenye albamu hii kuna wimbo My Baby Just Cares for Me, wa mwaka 1930, mwepesi, yeye mwenyewe hakuuona wa maana. Mwaka 1987 ukawekwa kwenye tangazo la manukato ya Chanel, ukalipuka Uingereza mpaka namba 5, miaka 28 baada ya albamu kutoka. Dunia nzima inaucheza. Nina alipata nini? Alishauza haki zake za rekodi zile kwa dola 3,000, kijana anayetaka kodi na chakula, kasaini. Watu waliokuwa hawajagusa piano wakavuna.

Mimi niliimba hoteli za pwani miaka tisa. Mwenye studio mmoja akanirekodi nyimbo nane, akanipa karatasi, nikasaini juu ya boneti ya gari kwa sababu nilikuwa nawahi zamu ya saa mbili usiku. Mpaka leo nazisikia kwenye mabasi, kwenye maduka ya watalii, sauti yangu kabisa, na sijaona senti. Mama yangu alikuwa akisikia ananiuliza, mwanangu hela za hizi nyimbo unaweka wapi, nikawa sina la kumjibu. Amefariki sijamjibu.

Kwa hiyo wenye mikataba kwenye begi, najua mpo, wengine mmeniandikia meseji, msiondoke. Nipo hapa mpaka saa kumi na mbili. Vuteni viti mje, tutaisoma mstari kwa mstari, na ambaye bado hajasaini aje wa kwanza.